Injini ya Rangi Tatu

Rangi niliipaka mimi mwenyewe, kwa brashi ndogo niliyoomba kwa mke wangu. Njano kwenye njia za oili, bluu kwenye njia za maji, nyekundu kwenye njia za mafuta. Ilinichukua siku nne. Nilipomaliza nilirudi nyuma hatua mbili, nikaitazama injini ile kama mzazi anavyomtazama mtoto aliyevishwa kwa ajili ya Idi. Nayasema haya mwanzoni ili msomaji asidhani nimekuja kuwasengenya wengine. Kinyaa nitakachokieleza kilianzia mikononi mwangu.

Kituo chetu kilikuwa mtaa wa Ngagara, katika nyumba ya zamani yenye uwanja wa saruji nyuma na ukuta uliopakwa chokaa upya kila wageni walipokaribia. Vijana wasiokuwa na kazi walifundishwa umakanika kwa miezi mitatu, bure, kisha watafutiwe nafasi kwenye garaji za mjini. Wazo lenyewe ni zuri. Sijawahi kukutana na mtu anayelipinga. Mimi nilikuwa nimelala chini ya magari ya watu kwa miaka mingi huko Buyenzi, na magoti yalipoanza kukataa, nilishukuru kupata kazi ya kusimama mbele ya ubao na chaki.

Kueleza ni kitu nilichokipenda tangu zamani, labda kwa sababu mimi sikuelezwa. Nilikuwa na miaka kumi na sita mjomba wangu aliponipeleka kwenye garaji. Buyenzi kuna desturi: anayempeleka mwanafunzi husimama mbele ya mwenye garaji na mafundi wote wakisikia, na kusema, "Sikuleta fundi, nimeleta mikono." Maana yake ni kwamba huyu hajui kitu, msimcheke, na yeye asijifanye anajua. Mjomba alisema hivyo, akaenda zake. Nikaonyeshwa karai la mazutu, yaani dizeli, na ndani yake rundo la vyuma. Nilivyoosha vyuma vile karibu mwaka mzima. Hakuna aliyeniambia hiki kinaitwaje au kinafanya nini. Ukiuliza, unaambiwa, "Osha." Nilirudi nyumbani nikinuka mazutu mpaka mama akanitengea sahani yangu. Nikaapa kwamba siku nikipata wanafunzi, nitawaeleza kila kitu, polepole, mara kumi ikibidi.

Basi nikawaeleza. Injini tuliyokuwa nayo ilikuwa imekatwa ubavu ili watu waone ndani. Haikuwaka na isingeweza kuwaka. Nilipoipaka rangi, vijana walifurahi, kwa maana kila kitu kilieleweka. Hebu na wewe nikueleze, ni rahisi: injini ikifanya kazi inapata moto, kwa hiyo maji huzungushwa ndani yake. Yanatoka kwenye rejeta iliyoko mbele, yanasukumwa na pampu, yanazunguka silinda, yanapanda juu, na hapo kuna mlango mdogo unaofunguka wenyewe kwa joto, unaitwa tamosta. Ukifunguka, maji yanarudi kwenye rejeta kupoa. Mlango huo ukikwama, gari linachemka. Umeelewa, sivyo? Hata wao walielewa. Walifuata bluu kwa kidole toka mwanzo hadi mwisho, nami nikasema, "Vizuri sana, vizuri sana." Nilikuwa nayagawa maneno hayo kama pipi.

Mazutu hayakuruhusiwa kuingia kituoni. Mratibu wetu, kijana mpole mwenye viatu vinavyong'aa, aliniambia siku ya kwanza kwamba saruji ile inashika madoa na wageni hawapendi kukanyaga mafuta. Salopeti za bluu, yaani ovaroli za kazi, mpya, zilining'inia ofisini ndani ya plastiki zao. Kila kijana alikuwa na yake yenye namba, ila haikuvaliwa. Ilikuwa ya siku ya picha. Kwenye beseni la kunawia palikuwa na sabuni ya waridi. Miezi mitatu ya umakanika, na sabuni ile haikupungua nusu.

Nilikuwa nikiona. Sitasema sikuona. Nilijiambia kwamba bora kidogo kuliko hakuna.

Katika kundi lile palikuwa na binti wa miaka ishirini na miwili aliyetoka Gasenyi kwa miguu kila asubuhi, kwa sababu mabasi yalikuwa yamesimama kwa kukosa mafuta na yaliyokuwa yakitembea yalijaa kabla ya kufika kwao. Alifika amevaa kanda mbili, anafuta vumbi miguuni kwa kitambaa, anakaa mbele. Aliandika kila neno. Baba yake alikuwa amemwambia waziwazi: mafunzo haya yakiisha bila kazi, anakwenda mlimani, yaani kijijini, kwa shangazi yake kulima mihogo, kwa kuwa nyumbani hakuna tena mahali pa mtu mzima anayekaa bure. Alinisimulia hayo siku moja akikunja daftari lake, bila kulalamika, kama anayetaja ratiba.

"Mwalimu, mi sina ubaya na mihogo," alisema. "Lakini nikienda kule, nitakuwa nimeenda."

Nikamwambia hataenda. Nikamwambia yeye ni wa kwanza darasani, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Wiki ya mwisho nililetewa kadi za kusaini. Kila kadi ilikuwa na mistari kumi na miwili: kubadilisha oili, kurekebisha breki, kukagua mfumo wa maji, na kadhalika, na mbele ya kila mstari neno moja, "Anaweza". Neno lilikuwa limeshachapishwa. Hapakuwa na nafasi ya kuandika neno jingine. Nilimwuliza mratibu, nikijaribu kucheka, kama kuna kadi za wale wasioweza.

"Papa mwalimu," akaniambia kwa upole wake, "wewe ndiye umewafundisha. Unataka kusema hukufundisha?"

Nikasaini zote. Kalamu ilikuwa nzuri, ya wino mweusi.

Siku ya picha salopeti zilitolewa kwenye plastiki. Zilikuwa na mikunjo minne kifuani, alama ya kukunjwa kiwandani, na zilinuka duka. Kila kijana alipanda jukwaani, akapewa sanduku jekundu la spana, akasimama, akapigwa picha, akashuka. Nyuma ya jukwaa alikuwepo mtu wa kuyapokea masanduku, maana yalikuwa machache na yalitakiwa kwenye sherehe nyingine. Binti wa Gasenyi alishuka na lake amelikumbatia, akaenda mpaka kwenye kiti chake akakaa nalo mapajani. Yule mtu akamfuata.

"Dada, leta."

"Si mumenipa?"

"Tumekupa picha. Leta."

Watu waliokaa karibu walicheka, na yeye akacheka nao kidogo, akalitoa. Mimi nilikuwa na soda mkononi, ya moto. Nililisikia lile chukizo kama unavyosikia harufu ya panya aliyekufa ndani ya ukuta: hujui uanze kubomoa wapi. Soda nikaimaliza.

Nafasi ilipatikana moja katika garaji ile ile niliyoanzia Buyenzi, kwa mtu niliyemfahamu sana. Yeye ni wa familia ya Waarabu wafanyabiashara waliokaa pale toka zamani. Tulioshea vyuma karai moja tulipokuwa vijana, kisha akairithi garaji kwa baba yake. Alinipigia simu akasema anahitaji mtu, na kama kadi zangu ni za kweli nimlete mmoja Jumatatu. Nikamchagua binti. Tulikutana barabarani asubuhi tukaenda kwa miguu. Alikuwa amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi.

"Mi naogopa kidogo," aliniambia.

"Usiogope. Wayajua yote."

Pale garaji nilifanya kosa ambalo mtu wa Buyenzi hatakiwi kulifanya. Sikusimama, sikuyasema yale maneno ya mikono. Niliona yamepitwa na wakati, na kwa kweli niliona aibu kuyasema juu ya mtu mwenye kadi niliyoisaini. Nikaiweka kadi mezani, juu ya gazeti lenye mafuta. Mwenye garaji akaisoma mstari kwa mstari, akainua nyusi.

"Kumi na mbili," akasema. "Mi nina miaka thelathini hapa, sijui kama ninazo kumi." Mafundi wakaguna. "Haya, mutoto wangu, karibu. Hii basi inachemka. Niambie maji inapita wapi."

Akaeleza. Msomaji, alieleza vizuri kuliko nilivyokueleza hapo juu. Rejeta, pampu, silinda, tamosta, hakuruka hatua. Fundi mmoja mzee aliyekuwa amelala chini ya gari jirani alitoa kichwa nje kumtazama.

"Unasema muzuri kabisa," mwenye garaji akamwambia. "Sasa shika. Ifungue ile paipu ya maji ya juu."

Akainama juu ya injini. Nami nikainama nyuma yake, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitatu nikaiona injini kwa macho yake. Yote ilikuwa nyeusi. Paipu nyeusi, vyuma vyeusi, oili na vumbi vimegandana kama ugali ulioungua chini ya sufuria. Hapakuwa na njano. Hapakuwa na nyekundu. Macho yake yalikwenda kushoto, yakarudi, na nikajua anatafuta nini. Nilitaka kusema. Kisha akakitazama kitu kimoja na uso wake ukatulia.

Dereva wa basi lile alikuwa amefanya kama madereva wengi wanavyofanya siku hizi. Akipata mafuta kidogo hayaachi kwenye tangi, asije akaibiwa. Anayaweka ndani ya kidumu alichokifunga juu, karibu na kiti chake, na paipu moja inayashusha mpaka kwenye injini. Paipu yake ilikuwa na ufa, naye alikuwa ameuzungushia kipande cha turubai. Turubai la bluu.

Binti akaishika paipu ile kwa uhakika wote niliomjaza, akaichomoa.

Mazutu yalimwagika kwenye blauzi yake, mkononi, kwenye kanda mbili, na yakaendelea kushuka kwa sababu kidumu kilikuwa juu. Hakuiachia paipu. Alisimama ameishika akinitazama mimi, si mwenye garaji, kama mtu anayengoja kuambiwa vizuri sana. Yule fundi mzee ndiye aliyetoka chini ya gari na kulisukuma karai la kuoshea vyuma kwa mguu wake, mazutu yakaingia humo, juu ya yale machafu, mpaka mwingine alipoibana paipu.

"Siku mbili," dereva alisema. Hakupiga kelele, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Siku mbili nalala mu foleni. Dada, mi nilikukosea nini?"

"Niliona bluu," akajibu.

"Bluu ya nini?"

"Ya maji. Maji ni bluu."

Garaji nzima ilicheka. Walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya tairi. "Na mafuta?" akauliza mwingine. "Nyekundu," akasema, kwa sababu aliulizwa na alijua jibu. Wakaanza upya. Na mimi, niliyetumia siku nne na brashi, nilikuwa nimesimama pale pale nyuma yake.

Mwenye garaji hakucheka. Alimpa dereva mazutu kutoka akiba yake, kidumu kikajaa tena, kisha akaichukua kadi pale mezani.

"Nani alisaini hii?"

"Ni mimi."

"Ndugu yangu, sikuulizi kama ni wewe, jina naliona. Nauliza ni nani. Maana yule tulioosha naye mu hii karai asingeandika hivi." Akanipa kadi mkononi. "Mwenye kadi simutaki. Wamenijia watatu mwaka huu wenye kadi. Ukiwaambia waoshe, wanasema wao ni mafundi, kadi inasema. Wa kadi ninao wa kutosha huko njiani wanapita."

Binti alikuwa ameshaanza kuikamua blauzi yake pembeni. Nilijua anachokifikiria, kwa kuwa na mimi nilikuwa nakiona: mlima, mihogo, shangazi. Nikamwuliza mwenye garaji kama hakuna namna.

"Namna iko," akasema. "Unaijua. Mujomba wako aliisema pale unaposimama."

Nimesimama mbele ya mawaziri na mabalozi nikieleza injini ile ya rangi, na sikuwahi kuyatafuta maneno kama asubuhi ile mbele ya mafundi saba wenye mikono michafu. Nikasema kwamba nilichosaini si kweli. Nikasema hajawahi kufungua nati ya gari linalotembea, na kwamba kosa si lake, rangi nilipaka mimi. Kisha nikasema, "Sikuleta fundi, nimeleta mikono."

Hakuna aliyecheka. Fundi mzee akarudi chini ya gari lake.

Mwenye garaji akamgeukia binti. "Umesikia vile mwalimu wako amesema?"

"Ego," akajibu, ndiyo kwa Kirundi. Hakunitazama.

"Inakuuma?"

"Inaniuma."

"Sawa. Kesho uje na nguo ya zamani. Yale mazutu uliyomwaga iko mu karai. Utaosha nayo."

Tulitembea pamoja mpaka barabara kubwa, yeye akinuka kama nilivyonuka mimi nilipokuwa na miaka kumi na sita. Tulipoachana akaniuliza swali moja. "Mwalimu, ulijua?" Nikamwambia nilijua. Akatikisa kichwa polepole, akaondoka kwenda Gasenyi kwa miguu.

Ningependa kusema kinyaa kiliishia hapo. Baada ya wiki tatu mratibu alifika garaji na mpiga picha, kwa sababu binti alikuwa amepata kazi, na aliyepata kazi ni mtu wa kuonyeshwa. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia, nikawakuta. Mratibu alikuwa na salopeti mkononi, ile ile yenye namba yake, imerudishwa ndani ya plastiki. Alikuwa na sabuni ya waridi pia.

"Nawa kidogo, ma seri," alimwambia, yaani mpendwa wangu kwa Kifaransa. "Dakika tano tu. Utashika spana, utatabasamu, basi."

Binti alikuwa amechuchumaa mbele ya karai, mikono imezama hadi viwiko.

"Mi si fundi, bosi," akasema. "Naosha."

"Tunajua. Lakini kwenye picha..."

"Kwenye picha pia naosha."

Mratibu akanitazama ili nimsaidie. Nikamwambia ni kweli, anaosha. Mwishowe walimwita msichana mwingine, wa jirani, aliyekuwa anapita na ndoo ya maji, wakamvisha salopeti, wakampa spana, akatabasamu. Picha ile nimeiona kwenye ukuta wa kituo. Chini yake yameandikwa maneno mazuri kuhusu kazi na mustakabali. Kila nikipita nageuza uso, kama unavyougeuza unapopita karibu na mfereji wa soko wakati wa jua.

Nilikataa kusaini kadi za kundi lililofuata. Zikasainiwa na mwingine, siku hiyo hiyo, bila ugomvi. Nikachukua msasa na kitambaa cha petroli nikaanza kuitoa rangi kwenye injini, lakini bluu tu ndiyo niliyowahi kuimaliza. Asubuhi niliyorudi kwa ajili ya njano nilikuta imepakwa upya, vizuri kuliko nilivyopaka mimi, na nikaambiwa kwa upole kwamba huenda magoti yangu yanahitaji mapumziko marefu.

Sasa hukaa garaji pale asubuhi kadhaa kwa wiki, kwenye benchi. Mwenye garaji ameniruhusu kueleza, kwa sharti moja: nieleze kitu baada ya mtu kukiosha, si kabla. Nimeona ni sharti la haki, ingawa limenichukua umri huu wote kulikubali.

Juzi basi lile lilirudi linachemka tena. Dereva alipomwona binti akakifunika kidumu chake kwa mikono miwili, na watu wakacheka, na binti akacheka kweli safari hii. Mwenye garaji hakumwuliza maji yanapita wapi. Alisema tu, "Tamosta." Binti akajifuta mikono, akainama, akapeleka mkono kwenye ule weusi huku macho yake yakiwa kwa dereva, wakitaniana bado. Kisha akaurudisha mkono ghafla na kuupuliza, umeungua.

Kwa namna alivyoungua, nilijua amepagusa penyewe, kwenye tamosta.